Homoni hukatwa kabla ya kutumwa: safari ya insulini, glukagoni na GLP-1

Seli alfa za kongosho na seli L za utumbo husoma jeni moja. Jeni hiyo hutoa protini moja, proglukagoni, yenye asidi amino 160, na mpangilio wake ni ule ule iwe kwenye kongosho au mwishoni mwa utumbo mwembamba. Lakini kinachoingia kwenye damu ni homoni zinazovutana. Kongosho hutoa glukagoni, inayoliamuru ini limwage sukari. Utumbo hutoa GLP-1, inayochochea insulini na kuizuia glukagoni hiyo hiyo. Tofauti yote imo kwenye ukataji: kimeng'enya gani kimo ndani ya seli, na kinakata wapi.

Ukisoma vijitabu vingi vya kisukari utadhani insulini huzaliwa ikiwa insulini. Sivyo. Homoni za peptidi za kongosho na njia ya chakula, yaani insulini, glukagoni, amilini, somatostatini, gastrini, ghrelini na wenzao, huundwa kwanza zikiwa kipande cha protini ndefu isiyofanya kazi, au inayoifanya kwa unyonge. Proinsulini, yaani protini mama ya insulini, kwa mfano, ina takriban moja ya kumi tu ya nguvu ya insulini ya kushusha sukari.

Kongosho hilo hilo lina kundi jingine la protini zinazosubiri kukatwa, nazo ni vimeng'enya vya chakula. Watu huyachanganya makundi haya mawili mara kwa mara. Tripsinojeni hutoka kongosho ikiwa imelala, hukatwa na kimeng'enya cha utumbo, enterokinasi, ikishafika duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, na hapo ndipo inakuwa tripsini. Ikiamka mapema humeng'enya kongosho lenyewe. Homoni ni kinyume chake: hukatwa ndani ya seli, ndani ya kifuko, kabla ya kutoka. Proinsulini ikishaingia kwenye damu nzima nzima, haigeuzwi tena kuwa insulini kwa kiasi cha maana. Kosa lililofanyika ndani ya seli hubaki kosa, na ndiyo maana linaweza kupimwa.

Insulini: kutoka asidi amino 110 hadi 51

Ribosomu za seli beta, zile seli za kongosho zinazotengeneza insulini, huunda preproinsulini, mnyororo mmoja wa asidi amino 110. Asidi amino 24 za mwanzo ni ishara tu: zinaupeleka mnyororo ndani ya retikulamu endoplazimu, chumba cha seli ambamo protini hukunjwa, kisha hukatwa karibu papo hapo. Zinabaki 86, na hiyo ndiyo proinsulini. Ukiihesabu kutoka mwanzo, ina mnyororo B wenye asidi amino 30, halafu arginini mbili, halafu peptidi C yenye 31, halafu lisini na arginini, na mwisho mnyororo A wenye 21.

Kabla ya kukatwa popote, proinsulini lazima ijikunje vizuri. Ina sisteini sita, na hizo huungana mbili mbili kwa vifungo vya salfa: A7 na B7, A20 na B19, A6 na A11. Viwili vya kwanza vinaushikanisha mnyororo A na B; cha tatu kimo ndani ya A peke yake. Ikitokea sisteini moja imeungana na isiyo yake, umbo zima huharibika na seli huizuia protini hiyo isiendelee na safari.

Hapa ndipo kazi ya peptidi C inapoonekana, na naona haki yake haitajwi vya kutosha. Frederick Sanger alipokamilisha mpangilio wa insulini mwaka 1955, alionyesha minyororo miwili. Wengi wakadhani kwamba mwili hutengeneza A kivyake, B kivyake, kisha huiunganisha. Wanakemia waliojaribu njia hiyo maabara walipata insulini kidogo sana, kwa sababu minyororo iliyotengana hupotezana na vifungo huungana ovyo. Mwaka 1967 Donald Steiner wa Chuo Kikuu cha Chicago, akitumia vipande vya uvimbe wa seli beta uliotolewa kwa mgonjwa, alionyesha kwamba kwanza hutokea protini kubwa zaidi yenye mnyororo mmoja. Peptidi C huishikilia A na B zikae karibu na kuelekeana sawasawa hadi vifungo vikaze, kama mbao ambazo fundi hufunga kabla ya kumwaga zege na kuzibandua likishakauka. Ikiondolewa kabla ya vifungo kukaa, hakuna insulini. Isipoondolewa kabisa, hakuna insulini pia.

Proinsulini iliyokunjwa vizuri hupita Golgi, kituo cha ufungashaji cha seli, na kufungashwa kwenye vifuko vichanga. Ndani ya vifuko hivyo mazingira hubadilika. Pampu za protoni hushusha pH kutoka karibu 7 hadi kiasi cha 5.5, na kalisi hujaa. Mabadiliko hayo mawili ndiyo yanayoviwasha vimeng'enya vya kukata, PC1/3 na PC2. Vimeng'enya hivyo navyo huzaliwa vikiwa na kipande cha mwanzo kinachovizuia, na huhitaji kukikata kwanza ili vifanye kazi. PC2 ina sharti la ziada: haikomai bila protini msaidizi iitwayo 7B2. Kwa hiyo kifuko kisipochachuka ipasavyo, hata kama jeni zote ni nzima, proinsulini hubaki ilivyo.

PC1/3 na PC2 hazikati ovyo. Hutafuta asidi amino mbili zenye chaji chanya zilizokaa pamoja, yaani arginini-arginini au lisini-arginini, na kukata baada ya ya pili. Proinsulini ina mahali pawili pa namna hiyo. Maelezo ya kawaida ni kwamba PC1/3 hukata kwanza kati ya B na C, na PC2 humalizia kati ya C na A. Utafiti wa miaka ya karibuni kwenye seli za binadamu umeonyesha kwamba PC1/3 yaweza kufanya kazi zote mbili, na kwamba PC2 ina nafasi ndogo kwenye seli beta zetu kuliko za panya. Kwa msomaji wa vitabu vya zamani, hilo ni la kusahihisha.

Baada ya kukata, mabaki huning'inia. Mnyororo B umebaki na arginini mbili mwishoni, na peptidi C imebaki na lisini na arginini. Kaboksipeptidesi E huja kuzinyofoa moja baada ya nyingine kutoka mwishoni, na hapo ndipo panapatikana insulini kamili ya asidi amino 51 pamoja na peptidi C ya 31.

Arginini hizo mbili zina umuhimu ambao wagonjwa wengi wanautumia kila usiku bila kuujua. Insulini iitwayo glargine imerudishiwa arginini mbili mwishoni mwa mnyororo B, zile zile ambazo kaboksipeptidesi E ingeziondoa, na asidi amino ya mwisho ya mnyororo A imebadilishwa kuwa glisini. Matokeo yake, insulini hiyo huyeyuka kwenye uchachu wa chupa yake, lakini ikichomwa chini ya ngozi, ambako pH ni ya karibu 7.4, huganda na kuyeyuka polepole kwa takriban saa 24. Ndiyo sababu ni mwiko kuichanganya na insulini nyingine kwenye bomba moja la sindano: pH ikibadilika, huganda humo humo.

Insulini iliyokamilika haikai ikielea. Sita hukusanyika kuzunguka ayoni mbili za zinki, na kwa kuwa pH ya kifuko iko karibu kabisa na pale ambapo insulini haina chaji ya jumla, huganda kuwa fuwele. Kwa hadubini ya elektroni, kifuko kilichokomaa huonekana kama tone jeusi katikati ya duara jeupe: tone ni fuwele ya insulini, na peptidi C, ambayo haigandi, imebaki pembeni. Kutoka kuunganishwa kwa asidi amino ya kwanza hadi hapo hupita saa kadhaa. Sukari inapopanda, kifuko hufunguka na vyote viwili hutoka pamoja, idadi sawa kwa sawa.

Proglukagoni: seli mbili, mikato miwili

Kwenye seli alfa, kimeng'enya kinachotawala ni PC2. Hukata pande zote mbili za kipande cha 33 hadi 61, na kutoa glukagoni yenye asidi amino 29. Sehemu ya nyuma, ambamo GLP-1 na GLP-2 zimefichika, huachwa ikiwa kipande kikubwa kisichokatwa. Panya walioondolewa jeni ya PC2 wana glukagoni kidogo mno, sukari yao iko chini, na seli alfa zao huongezeka kupita kiasi, zikijitahidi kufidia homoni isiyokamilika.

Kwenye seli L, zilizo nyingi mwishoni mwa utumbo mwembamba na kwenye utumbo mpana, kimeng'enya ni PC1/3. Hicho hushughulikia sehemu ya nyuma: hutoa GLP-1, na hutoa GLP-2 ya asidi amino 33 inayokuza ukuta wa utumbo. Sehemu ya mbele huachwa ikiwa glisentini yenye asidi amino 69, na kiasi chake hukatwa zaidi kuwa oksintomodulini yenye 37. Glukagoni imo ndani ya hizo zote mbili, nzima, ila imefungiwa.

Jambo hilo liliwasumbua wapimaji kwa miaka. Kipimo kinachotumia kingamwili inayotambua katikati ya glukagoni huisoma na ile iliyomo ndani ya glisentini, hivyo mtu aliyetoka kula huonekana ana glukagoni nyingi kumbe ni mabaki ya utumbo. Kipimo kinachofaa hutambua ncha ya mwisho ya glukagoni, ambayo huwa wazi pale tu PC2 imeshakata. Bora zaidi ni kile kinachohitaji ncha zote mbili ziwe huru.

GLP-1 ina fundo jingine. Jeni iliposomwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti walitabiri peptidi ya asidi amino 37, kwa kufuata zile jozi za kukatia. Walipoijaribu, haikuchochea insulini kwa maana yoyote. Svetlana Mojsov na Joel Habener huko Boston, na Jens Juul Holst huko Copenhagen, ndio waliosaidia kuonyesha kati ya 1986 na 1987 kwamba homoni halisi huanzia asidi amino ya saba. Utumbo huikata tena kwenye arginini moja iliyo peke yake, isiyo na jozi, na kuondoa sita za mwanzo. Sita hizo tu ndizo zilizotenganisha peptidi isiyo na kazi na msingi wa dawa zinazouzwa leo duniani kote.

Kisha huja hatua ya mwisho. Sehemu kubwa ya GLP-1 ya binadamu humalizikia kwenye asidi amino ya 36 badala ya 37. Kimeng'enya PAM huivunja glisini ya mwisho na kuacha kikundi cha amidi kwenye ncha. PAM huhitaji shaba, oksijeni na vitamini C. Amilini, gastrini na kolesistokinini hupitia mkono huo huo; gastrini isiyowekewa amidi haiwezi kuchochea asidi ya tumbo kama inavyotakiwa. Ghrelini, homoni ya njaa kutoka tumboni, ina utaratibu wake wa pekee: serini yake ya tatu hubandikwa asidi ya mafuta yenye kaboni nane, na kimeng'enya kiitwacho GOAT. Bila mafuta hayo haishiki kipokezi chake, hata kama imekatwa vizuri kutoka protini mama.

Ukataji haukomi hapo, kwa sababu damu nayo ina mkasi wake. Kimeng'enya DPP-4 huondoa asidi amino mbili za mwanzo za GLP-1, histidini na alanini, na kuifanya butu. Nusu ya GLP-1 hupotea ndani ya dakika moja hadi mbili, na sehemu ndogo tu ya iliyotolewa na utumbo huufikia mzunguko mkuu wa damu ikiwa nzima. Tiba zimepita njia mbili. Sitagliptini na jamii yake huizuia DPP-4. Semaglutidi imebadilishwa alanini ya pili ili DPP-4 isipate pa kushika, na ikapewa mnyororo wa mafuta unaojishikiza kwenye albumini, hivyo nusu yake hudumu takriban wiki nzima.

Inapoharibika

Kuna watoto wanaozaliwa bila PC1/3 inayofanya kazi. Wiki za kwanza wanaharisha vibaya sana, hawafyonzi chakula, na wengine huhitaji kulishwa kwa mshipa, maana homoni za utumbo hazikamiliki. Wakivuka hapo, njaa huwazidi na unene huanza mapema, kwa kuwa PC1/3 hukata pia protini ya ubongo inayotoa homoni ya shibe. Kotisoli yaweza kupungua, kwa sababu ACTH, homoni inayoamuru kotisoli itolewe, nayo hutoka kwenye protini hiyo hiyo. Ripoti ya mgonjwa wa kwanza, mwanamke mnene tangu utotoni, ilichapishwa mwaka 1995: proinsulini yake ilikuwa juu mno huku insulini ikiwa haionekani vizuri, na sukari ilimshuka saa chache baada ya kula. Kasoro ya jeni yenyewe ilitambuliwa 1997. Proinsulini nyingi, dhaifu lakini inayodumu muda mrefu kwenye damu, huendelea kushusha sukari wakati chakula kimeshaisha.

Kasoro nyingine iko kwenye proinsulini, si kwenye kimeng'enya. Badiliko la arginini ya 65 hufuta mahali pa kukatia kati ya C na A. Watu wa familia hizo huwa na proinsulini iliyokatwa nusu kwenye damu, na wengi wao hawaumwi sana. Lililo baya zaidi ni badiliko linalogusa sisteini, kama ile ya A7. Mtoto ana jeni mbili, moja nzima na moja mbovu, lakini proinsulini mbovu hujikunja vibaya, hushikamana na ile nzima, na kuzikwamisha zote kwenye retikulamu. Seli beta hulemewa na kufa. Kisukari hutokea ndani ya miezi sita ya kwanza ya maisha, na mtoto wa aina hii anahitaji insulini moja kwa moja. Anatofautishwa na mwenye kasoro ya mkondo wa potasiamu, yaani tundu la kupitishia potasiamu kwenye utando wa seli beta, ambaye mara nyingi aweza kutibiwa kwa vidonge vya glibenclamide. Ndiyo maana kisukari chochote cha chini ya miezi sita kinastahili kipimo cha jeni kabla ya kuamua tiba ya maisha.

Kwenye kisukari cha aina ya pili tatizo ni la haraka. Seli beta hudaiwa insulini kuliko uwezo wake, vifuko hufunguliwa kabla ukataji haujakamilika, na uwiano wa proinsulini kwa insulini hupanda. Vipimo vya zamani vya insulini vilihesabu proinsulini pamoja na insulini, vikawaonyesha baadhi ya wagonjwa hao kama wenye insulini tele wakati insulini halisi ilikuwa pungufu.

Kusoma mabaki: kipimo cha peptidi C

Kwa daktari aliye kwenye hospitali ya mkoa, faida kubwa ya yote haya ni peptidi C. Hutoka sawa kwa sawa na insulini, lakini ini halikamati peptidi C, ilhali huondoa karibu nusu ya insulini kabla haijaenea mwilini. Nusu ya insulini hupotea kwa dakika chache. Ya peptidi C kwa takriban dakika 30. Na insulini ya chupa haina peptidi C hata chembe, kwa hiyo mgonjwa anayejichoma sindano kila siku bado anaweza kupimwa kongosho lake linatoa kiasi gani.

Kwa aliyekwisha kuishi na kisukari miaka kadhaa, peptidi C isiyo ya mfungo iliyo chini ya 200 pmol/L ina maana seli beta karibu zimekwisha, na insulini isisimamishwe kwa sababu yoyote. Ikizidi 600 inaelekeza kwenye aina ya pili au aina nyingine isiyotokana na kinga ya mwili kuzishambulia seli beta, kama ilivyo aina ya kwanza. Hili lina uzito kwetu. Utafiti uliochapishwa 2025, uliohusisha vijana wa Cameroon, Uganda na Afrika Kusini waliopewa jina la aina ya kwanza, ulikuta takriban theluthi mbili hawana kingamwili zinazotarajiwa. Kutegemea umri na wembamba wa mgonjwa peke yake hakutoshi.

Makosa ya kawaida ni haya. Damu ikichukuliwa sukari ikiwa chini, peptidi C hushuka kwa sababu kongosho limetulia, si kwa sababu limekufa. Pima sukari kwa wakati huo huo, na usiamini matokeo ya chini ikiwa sukari haijafika 4 mmol/L, au afadhali 8. Mgonjwa aliyetoka kwenye sukari ya juu sana kwa wiki kadhaa naye aweza kuonyesha kiwango cha chini cha muda. Rudia baada ya sukari kutulia. Figo zikifeli, peptidi C hupanda kwa kuwa ndizo zinazoiondoa. Sampuli ya insulini huharibika chembe nyekundu zikipasuka, kwa sababu zina kimeng'enya kinachoimega. Peptidi C ni mvumilivu zaidi: kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau, iliyotiwa EDTA ya kuzuia damu kuganda, hudumu angalau saa 24 kwenye joto la chumba, muda wa kutosha kwa basi la kwenda maabara ya mji.

Kwa anayeanguka kwa sukari kushuka bila sababu, chukua sampuli wakati sukari iko chini ya 3.0 mmol/L na upime vyote kwa pamoja. Insulini ikiwa juu na peptidi C ikiwa chini, insulini imetoka nje ya mwili. Zote zikiwa juu, kongosho ndilo linalotoa: ama kuna uvimbe wa seli beta, ambao kwa kawaida humwaga na proinsulini nyingi, ama mtu amemeza vidonge vya jamii ya glibenclamide, navyo hupimwa kwenye damu au mkojo. Na insulini ikiwa haionekani wakati dalili zote zinaielekea, iulize maabara kama kipimo chao kinazitambua insulini zilizobadilishwa kama glargine na lispro. Vipimo vingine havizioni kabisa.